Kimya Baada ya Mngurumo

Mjukuu wangu Zuhura,

Hapa Majengo tuko wazima, ila nyanya yako magoti yanamsumbua tangu mvua ianze. Unauliza kwa nini pedali ya gitaa lako, hiyo unayoikanyaga kubadili sauti, inanguruma hata usipopiga.

Yetu pia ilinguruma, miaka ile baada ya uhuru. Mimi na Rajabu, rafiki yangu aliyekuwa akiimba, tulibadilisha betri, tukabadilisha nyaya, wapi! Chumba cha kupanga hakikuwa na soketi, kwa hiyo tulivuta stima kwenye holda ya balbu, na holda haina waya wa kwenda ardhini. Kelele ilitoka kwenye stima hiyo; pedali ilikuwa ikiikuza tu. Mwishowe nikafunga waya kwenye amplifaya, nikaupitisha dirishani hadi kwenye chuma nilichokipigilia udongoni, nikakimwagia maji. Mngurumo ukakatika.

Ndipo nikasikia kifua cha Rajabu kikikoroma kila alipovuta pumzi. Naye akajua nimesikia.

"Afadhali ile kelele yako, bwana," akasema, akicheka.

Hakumaliza mwaka.

Funga huo waya, Zuhura, utakusaidia. Mimi kimya kile sijakizoea hadi leo.

Babu yako