Laiti Ingekuwa Rauta

Nshamba, Jumamosi ya Novemba. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa, jioni, haijachoka. Taa zote za rauta ni za kijani. Sijawahi kuchukia rangi ya kijani namna hii.

Nimekaa mbele yake na matope mpaka magotini. Mke wangu Adelina ameniambia nioge kabla ya chakula, lakini hata nguvu za kuinuka sina. Acha niandike kwanza, nitaoga nikishamaliza kulia. Ndiyo, nimelia. Mwanamume mzima, mwalimu wa hisabati.

Ingawa hapa Nshamba ukiulizia mwalimu wa hisabati, hakuna atakayekuleta kwangu. Uliza mwalimu wa kwaya. Kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri nimeiongoza tangu sijaota mvi. Mtu wa besi huko mstari wa nyuma akiteremka kidogo tu, nilikuwa namkodolea macho kabla hajafika mwisho wa neno. Wageni walikuwa wanadhani nimeambiwa na malaika. Watu hutusema sisi Wahaya kwamba tunaringa. Basi mimi, kwa masikio yangu, niliringa hasa, na sikumwomba mtu radhi.

Mwaka huu kayamba limepotea.

Lilipotelea hivi. Kaka yangu anayeishi Ulaya alikuja likizo akaniletea seti ya muziki ambayo naamini hakuna nyingine kama hiyo kuanzia hapa mpaka Kimwani: amplifaya nzito ya kubebwa na watu wawili, spika mbili ndefu, na kidude cheusi kinachopokea muziki kutoka mtandaoni. Alinieleza kwamba muziki tunaosikiliza kwenye simu umebanwa ili upite upesi, kama vile unavyokanyagia nguo kwenye begi. Huu wa kidude chake unakuja mzima, haujapunguzwa kitu, ila unataka mtandao usioyumba. Nikamwambia asiwe na shaka. Nikaipandisha mtandaoni rekodi ya kwaya yetu, ile tuliyoirekodi vizuri kanisani, nikaketi kwenye kiti changu kwa maringo, nikabonyeza.

Kuanzia ubeti wa pili wa wimbo ule Adelina anapiga kayamba. Najua, maana niliyempangia ni mimi. Ngoma ikaja, soprano wakaja, besi wakaja wakatikisa vioo vya dirisha. Kayamba halikuja. Na maneno ya wimbo yalikuwa kama watu wameimba huku wameziba midomo kwa khanga.

Nikajua hapohapo kwamba kuna mambo mawili tu. Ama rauta inaangusha muziki njiani, ama ni masikio yangu.

Mungu anajua nilivyoomba iwe rauta. Nimeomba kwa magoti, tena nimeomba kwa majina ya vitu ambavyo hakuna mchungaji aliyewahi kuviombea: masafa, chaneli, waya, laini. Kwa sababu rauta unaweza kununua nyingine. Na mimi bila kwaya ni nani? Nitabaki yule mzee anayefundisha mlinganyo kwa watoto wanaosinzia.

Bukoba nilikwenda, msidhani sikwenda. Daktari wa masikio alinivika vile vifaa vya kuziba masikio, akasema niinue mkono kila nikisikia mlio. Milio minene niliiinulia mkono, kisha nikakaa na mkono wangu pajani nasubiri aanze ile myembamba. Kumbe alikuwa ameshamaliza.

Akaniambia kwa upole kwamba milio ya juu imekwenda, haitarudi, na ile ya chini yake nayo inaelekea kuifuata. Akasema nirudi na mke wangu tuzungumze habari ya vifaa vya kusaidia kusikia. Nikamwambia mashine yake ina kasoro. Nilimwambia hivyo mbele ya muuguzi, kwa sauti ya darasani. Nikatoka pale hospitali nikaenda moja kwa moja kwenye duka la vifaa vya mtandao, nikanunua rauta mpya yenye antena kama pembe za ng'ombe wa Kinyankole. Adelina nikamwambia daktari ameona nta tu.

Ndipo kazi ilipoanza. Rauta ya zamani ilikuwa juu ya kabati, nyuma ya televisheni. Hii mpya nikaiweka dirishani, upande unaotazama mnara ulioko kilimani. Mtandao ukawa na kasi ambayo sikuwahi kuiona. Nikafurahi kwa muda wa wimbo mmoja. Kayamba hakuna.

Nikaingia kwenye mipangilio. Nikaiambia rauta kwamba muziki upite kwanza na simu za watoto zisubiri. Watoto wakanuna, binti yangu akasema nyumba hii sasa ina ubaguzi. Nikabadilisha chaneli, nikazima hiki, nikawasha kile, nikasoma mpaka macho yakauma. Kila jambo nililolishika lilikubali. Na hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo. Kila nilichokitengeneza kilipona, na kila kilichopona kilininyang'anya kisingizio kimoja.

Kikabaki kisingizio cha migomba.

Msicheke. Chumba changu cha muziki ni cha nje, na kati yake na nyumba kuna kipande cha kibanja chetu, migomba imebanana mpaka mchana panakuwa na giza. Nilisoma kwamba mawimbi ya rauta yanaogopa maji kuliko yanavyoogopa ukuta. Na mgomba ni nini kama si maji yaliyosimama? Nikapima jua likiwaka, mtandao mzuri. Nikapima mvua ikinyesha, majani yamelowa, mtandao ukakatika kweli, muziki ukasimama katikati ya haleluya. Jamani, nilirukaruka! Nilifurahi kama mtu aliyedhani ana ugonjwa mkubwa akaambiwa ni malaria tu. Wanaojua mambo haya mjini wanalaumu zege. Mimi nilikuwa na migomba ya baba yangu, na nikailaumu kwa moyo wangu wote.

Dawa ilikuwa waya. Uzikwe ardhini ndani ya bomba, kutoka nyumbani mpaka chumba cha nje, mawimbi yasihusike tena.

Ndiyo maana leo nimeshinda kwenye mvua na jembe. Sikuweza kungoja ikatike. Nilianza vizuri, mstari umenyooka, mpaka mama yangu alipotoka kwenye nyumba yake na mwavuli na kusimama mbele ya jembe. Baba amezikwa humohumo kibanjani, kama ilivyo desturi yetu, na mstari wangu ulionyooka ulikuwa unapita miguuni pake.

"Tata wako unamchimbia waya?" akauliza.

Nikamwambia mama, si waya wa umeme, hauna madhara. Mwavuli haukusogea. Nikarudi nyuma, nikazungusha mtaro mbali na kaburi, nikiukwepa mzizi wa kila mgomba uliokuwa njiani. Bomba halikutosha, nikaunga kwa mpira wa kumwagilia.

Wakati huo akapita jirani yetu, mama mmoja wa heshima zake, njiani pale nyuma ya ua. Inasemekana alinisalimu. Inasemekana alisema "nyegera waitu" na akasimama kungoja jibu, na mimi nikaendelea kulima nimempa mgongo. Akasalimu tena. Kwetu kutojibu salamu si jambo dogo, afadhali umkanyage mtu. Akaondoka anasema kumbe redio za Ulaya zimempandisha mwalimu kichwa, siku hizi hajibu hata watu wazima. Mama ndiye aliyenieleza, amekasirika mpaka mwavuli unatikisika. Kisha akaniangalia nilivyolowa, nisivyotaka kuacha, akatikisa kichwa.

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, na akarudi ndani.

Alisema kama watu wote wanavyosema, juu ya mtu mbishi. Hana habari ya daktari wa Bukoba. Lakini mimi nilisikia habari ya sikio langu, nikainama tena kwenye mtaro.

Nikamaliza. Sikujua kufanya jambo lingine. Nikapitisha waya, nikabana ncha zake, nikachomeka huku na huku. Taa zikawaka za kijani, zote, na zikatulia. Mvua inanyesha kwa hasira na mtandao hautetereki hata kidogo. Kazi safi. Mtu yeyote aje aikague.

Nikakaa kwenye kiti na matope yangu. Nikabonyeza.

Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili.

Sikukata tamaa hapo, mjue. Nina ubishi wa kurithi. Nikasema huenda ni mtandao wenyewe, huko ulikotoka. Nikaenda nyumbani nikaizima rauta kabisa, nikachomoa hata waya niliotoka kuuzika. Nikaiweka rekodi kwenye flashi na flashi nikaichomeka kwenye kidude, mdomo kwa mdomo. Hakuna mtandao, hakuna migomba, hakuna mvua, hakuna kitu chochote kati yangu na kayamba la mke wangu.

Na hakuna kayamba.

Nikaurudia wimbo sijui mara ngapi. Niliongeza sauti. Nadhani niliongeza sana, kwa sababu Adelina alikuja mbio kutoka jikoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi, nikaona mlango unafunguka. Nilifikiri amekuja kugomba. Akasimama. Uso wake ukaanza kufunguka kidogo kidogo, akatabasamu, akawa anatikisa kichwa kufuata mdundo, mabega nayo yakaingia. Mke wangu akicheza ni mzuri bado, nisiseme uongo.

Ghafla akajipiga paja na kucheka.

"Mawe, mama yangu! Hivi hapo ubeti wa tatu nilichelewa vile? Na wewe ukaniacha?"

Alikuwa amesikia kosa lake mwenyewe. Kwenye kayamba. Kosa ambalo mimi, mwalimu wake, niliyempangia, nimelipitia mwezi mzima na sijui hata linafananaje.

"Ndiyo," nikasema. "Ulichelewa kidogo."

Akaacha kucheka. Akaenda akapunguza sauti, akaja akachuchumaa mbele yangu mpaka nyuso zetu zikawa sawasawa.

Sasa niseme kitu juu ya Adelina. Anafundisha Kiswahili shule ya msingi, na ndani ya nyumba hii Kiswahili ni amri yake. Watoto walipokuwa wadogo, aliyechanganya Kihaya alikuwa anaosha vyombo. Mimi mwenyewe nimeosha vyombo hivyo. Basi pale chini, ananitazama machoni, akaniuliza kama nimeona kwamba tangu Pasaka tukiwa wawili haongei nami Kiswahili. Akaniuliza hivyo kwa Kihaya.

Sikuwa nimeona. Walahi sikuwa nimeona. Kama niliwaza chochote, niliwaza tunazeeka, tunarudi kwa lugha ya mama zetu.

Akasema niliwahi kumjibu "ndiyo" alipouliza chumvi iko wapi. Akasema Kiswahili kinaniponyoka, zile *sa* na *sha* na *fa* zake zote, nabaki kubahatisha. Lakini Kihaya kinapanda na kushuka, na kupanda na kushuka huko bado nakusikia. Alijaribu siku moja nikajibu sawa. Akajaribu tena, nikajibu sawa. Akaendelea hivyo, kimya kimya, akavunja amri yake mwenyewe na asimwambie mtu. Habari ya nta hakuiamini hata dakika moja.

Nikamuuliza kwa nini aliniacha nihangaike. Nichimbe kibanja, nigombane na mama, ninyeshewe siku nzima.

"Ulikuwa na rauta yako," akasema. "Ningekunyang'anya nikupe nini?"

Hapo ndipo nililia. Alinishika kichwa na mikono yake yenye utomvu, na nywele zangu sasa zimegandamana, ndiyo sababu nyingine ya kuoga. Baadaye akarudi jikoni. Mimi nikaingia nyumbani nikaiwasha rauta tena, sijui kwa nini, labda kwa sababu kuiacha imezimwa ni kama kukubali. Taa zikawaka zote. Inafanya kazi vizuri kuliko rauta yoyote wilaya hii ya Muleba, na sina hata kitu kimoja cha kurekebisha.

Wiki ijayo tutakwenda Bukoba, yeye na mimi, nikamwombe radhi daktari na mashine yake. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Sina hamu, sina matumaini, nakwenda kwa sababu Adelina amesema.

Lakini kabla ya wiki ijayo kuna kesho. Kesho ni Jumapili, na kwaya inaimba kwa Kiswahili. Nitasimama mbele yao, nitainua mikono kama siku zote, na wote watanitazama wakiamini nasikia. Adelina atakuwa mstari wa mbele. Akichelewa tena pale ubeti wa tatu, nani atamwambia?