Kipande cha Barafu kwa Mama Yako

Baba Zuhura,

Nimetoka eda juma lililopita. Machozi yamekauka, nimebaki na hasira, na wewe ndiye pekee wa kunisikiliza bila kunikatiza.

Ilipokuja habari kwamba ile ndege uliyopanda kusimamia mizigo imeanguka milimani, mama yako aliniangalia mimi. Kisha Mikaeli, fundi wenu wa uwanjani, akaja Kisarawe kutupa pole, akatueleza aliyoyasikia kwa rubani msaidizi aliyenusurika. Mliingia kwenye wingu, barafu ikaganda kwenye mabawa. Mbele ya mabawa kuna mpira unaovimba kuivunja, lakini rubani mkubwa akasema ngoja kwanza inenepe, ndipo itavunjika vizuri. Akangoja. Ndege ikalemewa, ikapinduka ubavu, usukani haukusikia tena. Ngoja inenepe. Neno hilo linanichoma kila nikitia maji chunguni.

Mama yako alicheka, kicheko kibaya. "Barafu ya wapi, na jua hili?" Hajapata kuiona maishani mwake. Akasema mbele ya watu wa matanga kwamba nimekuroga, na sasa nawaletea hadithi. Tangu siku ile hapokei hata maji mkononi mwangu, na anasema atamchukua Zuhura, mtoto hawezi kulelewa na mchawi.

Basi jana nikadandia lori la mkaa mpaka Dar es Salaam. Nikanunua bonge la barafu, nikalifukia kwenye unga wa mbao ndani ya gunia, nikalipakata. Njia nzima maji yananichuruzika mapajani, utingo ananicheka. Nilipofungua uani kwa mama yako, kilikuwa kimebaki kipande kama yai. Nikakitia mkononi mwake. Hata shikamoo sikumpa, Mungu anisamehe.

Alikishika. Kilimchoma, nilimwona, lakini hakukiachia mpaka kikaisha. Akaniuliza polepole, "Hiki ndicho kilichomkalia mwanangu?" Halafu akaomba maji ya kunywa, akayapokea kwangu.

Sijamsamehe bado. Yule rubani ndiyo kabisa, hata kama mmelala kaburi moja. Na wewe nilikuambia kazi ya chini pale uwanjani inatutosha, ukanicheka.

Pumzika, mume wangu. Zuhura habanduki kwangu, nakuahidi. Akipata akili nitampeleka Dar es Salaam akaishike barafu mwenyewe, asije mtu akamwambia baba yake aliuawa na mama yake.

Mama Zuhura