Miaka Mitano ya Gari la Mama

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA CHA WATOTO WA MAMA

Tarehe: Jumapili ya mwisho wa mwezi
Mahali: Sebuleni kwa Mama
Muda: Kilipangwa saa nane mchana, kikaanza saa tisa kasoro robo

Waliohudhuria:
Kaka Mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu – Mwenyekiti
Fundi, mtoto wa pili, fundi umeme – Mjumbe
Wifi, mke wa Kaka Mkubwa – Mwalikwa
Mtoto wa tatu, anayeishi na Mama – Katibu

Asiyehudhuria: Kitindamimba, yuko kazini ng'ambo. Alituma ujumbe wa sauti.

Mama alikuwa chumbani amepumzika.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika kwa wakati. Fundi alisema aliyefika kwa wakati ni yeye peke yake. Mwenyekiti aliomba tusianze hivyo.

KUMB. NA. 2/7: YATOKANAYO NA KIKAO CHA SITA
Kikao cha sita kiliazimia kwamba wajumbe wapokezane zamu za kumpeleka Mama hospitali, ambako husafishwa figo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Katibu aliarifu kwamba tangu siku hiyo zimefanyika safari ishirini na mbili. Mwenyekiti aliuliza zamu zimekwendaje. Katibu alisema zote ishirini na mbili ameshika Katibu. Mwenyekiti alisema hilo lina mahali pake.

KUMB. NA. 3/7: WARANTI YA NYONGEZA
Mwenyekiti alieleza kwamba gari jipya la kumpeleka Mama hospitali lina waranti ya miaka miwili. Muuzaji anauza nyongeza ya miaka mitatu, jumla iwe mitano, ila ni lazima ilipiwe ndani ya siku thelathini tangu gari lichukuliwe. Siku ya thelathini ni kesho.

Katibu alikumbusha kwamba aliwatumia wajumbe karatasi hizo wiki tatu zilizopita. Wote walisema waliziona. Ilipoulizwa nani amezisoma, Katibu alizisoma kwa sauti. Waranti inahusu injini, giaboksi na mfumo wa umeme. Haihusu matairi, breki wala betri. Gari lifanyiwe sevisi kwa muuzaji kila kilomita elfu tano. Ukiruka mara moja, waranti imekufa.

Fundi alipinga. Alisema, "Umeme wa gari nauangalia mwenyewe. Waranti ya nini na fundi yumo humu humu?"

Katibu aliomba kikao kikumbuke gari la zamani, ambalo nalo Fundi alikuwa akiliangalia mwenyewe. Lilizimika Mama akitoka hospitali, akakaa kando ya barabara juani saa moja na nusu, pamba ya mkononi imelowa damu. Fundi alipigiwa simu mara sita. Fundi alisema simu ilikuwa kwenye chaji. Katibu alisema hilo ameshalisikia. Mwenyekiti aliwaomba wajumbe warudi kwenye ajenda.

Ujumbe wa Kitindamimba ulisikilizwa: "Jamani, lolote mtakaloamua mimi niko pamoja nanyi. Dada, pole na kazi." Ulikuwa wa sekunde tisa.

Wifi aliomba kuuliza. Alisema, "Miaka mitano si mingi? Nauliza tu." Mwenyekiti alimtaka afafanue. Wifi alisema hana la kufafanua, ila daktari naye alisema. Hakumalizia. Fundi alisema shemeji yake ametamka tu yaliyo vichwani mwa wote. Katibu alisema si wote.

KUMB. NA. 4/7: NANI ATAPELEKA GARI SEVISI
Ili kikao kisonge, Mwenyekiti alisema tuchukulie waranti imenunuliwa. Nani atapeleka gari? Gereji ya muuzaji iko upande wa pili wa mji, na kusubiri ni nusu siku. Fundi alimpendekeza Katibu, kwa kuwa gari analo yeye. Wifi aliunga mkono. Mwenyekiti aliuliza kama kuna pingamizi.

Katibu aliweka kalamu chini, akasema hawezi. Mwenyekiti aliuliza hawezi nini, kupeleka gari au kuandika kumbukumbu? Katibu alisema hawezi vyote. Alisema duka lake la ushonaji alilifunga kwa miezi mitatu tu, na huu ni mwezi wa kumi na sita. Alisema Ijumaa iliyopita alipitiwa na usingizi kwenye usukani, taa ikiwa nyekundu, mpaka Mama akamgusa bega. Alikuwa hajamwambia mtu.

Wifi alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Hapo Mama alitoka chumbani akijishikilia ukutani. Mwenyekiti alimpisha kiti. Mama alisema ubao wa mlango wake ni mwembamba, na sauti ya Kaka Mkubwa bado ni ya darasani. Aliuliza, "Hiyo miaka mitano mnalihesabia gari au mnanihesabia mimi?"

Mwenyekiti alizipanga upya karatasi za waranti.

Mama alisema, "Basi nisikilizeni. Nikiondoka kesho, gari litabaki, na litabaki na huyu. Duka alilifunga kwa ajili yangu. Siku akilifungua, litambebea vitambaa vyake. Sitaki mmwachie mkweche. Nunueni."

Mwenyekiti alisema mambo ya mali ya familia yana utaratibu wake.

Mama alisema, "Utaratibu umekuja nao leo, baba. Jumatano ulikuwa nao wapi?"

Mwenyekiti alivua miwani, akakaa nayo mkononi. Kisha akasema, "Nimekosa, Mama." Imeandikwa kama ilivyosemwa.

Iliazimiwa: waranti inunuliwe kesho asubuhi, kadi ya gari ibadilishwe iwe kwa jina la Katibu, sevisi apeleke Fundi, Jumatatu Mama apelekwe na Mwenyekiti, Jumatano na Fundi, Ijumaa na Katibu. Wifi alisema Ijumaa ataichukua yeye mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mwenyekiti aliomba wanaokubali wanyooshe mkono. Fundi hakunyoosha. Mama alimtazama. Fundi alinyoosha.

KUMB. NA. 5/7: KUFUNGA KIKAO
Katibu alimkabidhi Mwenyekiti ufunguo wa gari kwa safari ya kesho, saa kumi na mbili asubuhi. Mwenyekiti aliuliza gia ya kurudi nyuma inaingiaje, Mama hukaa kiti gani, na hospitali wanaingilia mlango upi. Katibu alianza kumwandikia. Mama alisema atamwelekeza mwenyewe njiani, mdomo anao, na akamwambia Katibu aende akalale.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni.

Mwenyekiti: (saini)

Katibu: ..........................
Amelala. Tusimwamshe. Atasaini akiamka. – Fundi