Mbegu Aliyoiba Gaspari

Gisenyi, Jumatatu asubuhi

Verediana, rafiki yangu,

Gaspari ameaibika. Nimeiweka habari hiyo mbele ya salamu, mimi niliyewakemea wanafunzi kwa kosa hilohilo, kwa kuwa nimeingoja miaka minne tangu tukuzike. Sasa nakusalimu.

Unamkumbuka: agronomu, yaani bwana shamba, wa ushirika wetu wa kahawa, ambaye viatu vyake havikugusa tope la kitalu chako hata siku moja. Mazishini alilia kuliko ndugu zako. Siku ya nane alikuja shambani kwako, juu ya kilima cha Rubona, akiwa na kikapu. Aliuendea moja kwa moja mti wenye kibao cha bati, ule ulioutafuta miaka kumi na mmoja, akachuma matunda yote mekundu. Nilikuwepo. Akasema, "Mzee, mbegu ya marehemu isipotee bure." Nikamshikia kikapu.

Nilimshikia kwa sababu nilijua asilolijua. Mti ule ni mtoto wa wazazi wawili: mama, mbuni wa zamani wa hapa kwetu, unaozaa sana na kuugua kutu ya majani kila mvua, na baba, ule mfupi mkaidi usiougua na usiozaa. Wewe ndiye uliyewaozesha, mbele ya macho yangu. Ulifungua matumba kabla hayajachanua, ukang'oa sehemu za kiume kwa kibano cha nyusi, ukayavika maua mifuko ya karatasi, na kesho yake ukayapaka chavua kwa brashi huku mimi nikiandika katika daftari. "Mwalimu, kimbiza kalamu, maua haingojaka mutu!" Na mti ulipokubali, ukazaa sana bila kuugua, wewe ulinionya: "Mbegu yake itakudanganya. Watoto watagawanyika, wengine watafuata bibi yao mugonjwa. Huyu anapandwa kijiti tu." Kijiti, yaani chipukizi la wima lililokatwa na kuoteshwa mizizi, kwani hilo tu huubeba mti mzima.

Gaspari hakuuliza. Mimi sikusema.

Akaotesha miche, akaipa jina lake mwenyewe, akawagawia wakulima. Akasimama katika mkutano wa ushirika, mimi nimeketi mstari wa pili, akasema, akianza kwa Kifaransa chake cha mikutanoni: "Donc, hii ni jasho yangu ya miaka mingi." Wewe hakukutaja hata kwa kuteleza ulimi. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, taratibu, kama anayengoja maji yachemke.

Msimu huu yamechemka. Kule Kanzenze, mche mmoja umejaa matunda, jirani yake ni mfupi na mtupu, wa tatu umepukutika, na ukigeuza jani lake, vumbi la rangi ya chungwa linakubakia kidoleni. Wakulima walimfuata hadi kwake. Nasikia alitokea mlango wa nyuma. Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa.

Kisha akaja Mama Ansila, yule mjane wa Kanzenze uliyekuwa ukimpa miche bure. Alikuwa ameng'oa mibuni ya mama mkwe wake, mizee lakini yenye kuzaa, ili apande ya Gaspari. Nilimweleza kwa ufasaha kwa nini mbegu ile haikufaa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Kumbe we Mwalimu ulijua? Ulijua, ukatuangalia tu tunachimba mashimo?"

Nimewauliza watu maswali maisha yangu yote. Hilo lilinikalisha chini.

Usinihurumie. Kisasi nilimlengea mtu mmoja, nacho kimepita katika shamba la mjane. Kosa ni langu. Kwa Gaspari sijuti hata kidogo.

Mti wako upo. Niliinamisha shina kama ulivyonionyesha, machipukizi ya wima yakatoka mgongoni mwake, nikayaotesha katika mchanga wa ziwani chini ya nailoni. Ya kwanza yote yalikwenda kwa Mama Ansila. Mashimo nilichimba mwenyewe, kiuno kikilalamika, naye ameketi kando: "Mwalimu, shimo yako ni ya kuzika kuku!" Ungecheka. Kigoda chako bado kipo kitaluni, Vere. Sikikalii. Siwezi.

Jana Gaspari alikuja langoni. Amekonda. "Mzee wangu, nipatie vijiti kidogo tu, niokoe jina yangu." Jina lake! Nilimwacha juani. Nikamwambia kwamba Jumamosi hii, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, watu wakiwa bado wameshika majembe, atasimama aeleze ni nani aliyeuzalisha mti ule, na kwamba yeye alichuma mbegu zake siku ya nane baada ya mazishi. Hapo vijiti vitakwenda kwa wakulima, naye ndiye atakayevibeba kichwani, nyumba kwa nyumba. Kwake hakitabaki hata kimoja. Akauliza kama nitamsamehe akifanya hivyo. Nilimjibu: la.

Mama Ansila ameniambia kwamba zamu ya pili ya kusimama mbele ya watu ni yangu. Ni haki.

Pumzika, rafiki yangu. Nakuahidi: Jumamosi atalitamka jina lako lote, kwa sauti ya kufika kwa walio nyuma kabisa, na akilimeza nusu, ataanza upya. Akimaliza, sitamruhusu akae. Atabaki amesimama anisikilize nami nikiwaambia watu kwamba niliona, nikajua, nikanyamaza.

Mwalimu wako,
Anastazi