Mama Mpole wa Barua Zako

Mkunazini, Unguja
12 Oktoba 1970

Kwa kaka yangu, Mwalimu Mcha,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Jambiani, wewe na wifi Mwanaasha, na kile kifua chako kiwe kimetulia. Ukitaka kutujua sisi, tu wazima wa mwili. Shangazi Tabia analalamikia magoti, lakini kila siku anapanda ngazi zote kuja kuchungulia kama nimekula. Mimi nimechoka tu. Nalala mapema na naamka nimechoka vilevile, kama mtu aliyekuwa akitwanga usingizini.

Hujaniuliza habari za Ujerumani, nami sikulaumu. Leipzig ni mji wa makaa. Asubuhi ukifuta dirisha, kitambaa kinatoka cheusi, na kesho yake unafuta tena. Walinipa chumba pamoja na msichana wa Kibulgaria aliyekoroma, na meza katika maabara, ambapo mwaka mzima nilipima mafuta ya karafuu. Ndiyo, karafuu zetu, zimevuka bahari ili nikazinuse huko. Mwalimu wangu, mzee asiye na maneno mengi, aliniambia siku ya kwanza kwamba Unguja anaijua kwa pua tu. Kazi niliimaliza. Cheti kimo ndani ya sanduku, na tangu nilipokifungia sijakitazama tena.

Niliposhuka melini wiki tatu zilizopita nilikutafuta wewe kwa macho kabla ya mtu mwingine. Alikuwapo shangazi na majirani wawili. Nilipouliza, shangazi akasema una mitihani ya wanafunzi, akanishika mkono na hakuuachia mpaka nyumbani. Walinikalisha mkekani, wakanipa maji ninywe kwanza, ndipo nikaambiwa kwamba Mama alifariki Ramadhani iliyopita, kumi la kwanza halijamalizika, na kwamba wakubwa walikubaliana nisiambiwe, kwa kuwa msafiri habebeshwi msiba. Ndiyo desturi yetu, sikuwa na la kuteta. Nililia mpaka wakanishika mabega.

Tangu siku hiyo nakungoja. Shangazi ameniletea maneno yako: kwamba huna uso wa kunitazama, kwamba ulimzika Mama kwa mikono yako kisha kwa mikono hiyo hiyo ukaniandikia miezi tisa kuwa ananisalimu, na kwamba hata khitma ya mwaka, Alhamisi ya wiki ijayo, isomwe bila wewe. Umeniomba radhi kupitia kwake kama mtu anayetuma samaki. Naye amekasirika. Anasema Mcha amejihukumu na kadhi hajaitwa, na anauliza ni mtoto gani wa kiume anayemnyima mama yake Yasini kwa sababu ya aibu.

Kwa hiyo naandika. Barua hii nimeianza mara nne.

Unazikumbuka barua zako mbili za mwanzo? Mama alikuwa akisema, wewe ukiandika. Katika ya kwanza aliuliza ni Mzungu gani huyo aliyenipa blanketi moja, na kama naye alizaliwa na mama. Katika ya pili alisema amesikia huko watu wanakula viazi asubuhi na jioni, na nikirudi nimefanana na kiazi hatanipokea bandarini. Nilimfasiria yule Mbulgaria, akacheka mpaka akakaa chini.

Ya tatu ilifika Desemba. Uliandika: Mama anakusalimu sana, anafurahi kwa masomo yako na anakuombea kila la kheri. Niliisoma nimesimama ngazini, karibu na bomba la joto, nikadhani ulikuwa na haraka. Ya nne ikasema Mama ananiambia nisiwe na wasiwasi. Kaka, Mama yetu lini alimwambia mtu asiwe na wasiwasi? Wasiwasi alikuwa akitupakulia kama wali, kila mtu na sahani yake.

Basi nikakujaribu. Nikaandika kwamba nimekata nywele, fupi kama mvulana, kwa sababu maji ya moto yalikuwa ya shida. Nilijua atakalolisema, nikaliogopa, na nikalitamani. Jibu lako lilikuja Februari. Mama anasema hapana neno, nywele ni zako.

Nikajua.

Sikukata hata unywele mmoja. Ungekuja bandarini ungeuona msuko wangu umefika palepale kiunoni, na ungefahamu kila kitu kabla sijafungua kinywa.

Nilijua miezi saba, kaka, na miezi yote hiyo nikakuandikia nisalimie Mama, mwambie nakula, mwambie nimenunua soksi za sufu. Ningekuuliza wazi ungenijibu, na ungenijibu, chuoni wangenipa ruhusa ya kurudi, na kazi yangu ingebaki nusu. Sikutaka kurudi. Nilitaka kumaliza. Kila usiku wa Ijumaa nilifunga mlango nikamsomea Yasini, kisha nikakaa mezani kukuandikia uongo wangu ili nawe uniandikie wako. Kilio nilicholia mbele ya shangazi kilikuwa cha kweli, kilikuwa kimengoja tangu Februari. Mshangao ndio nilioutengeneza.

Wewe ulitii wakubwa. Mimi sikuamrishwa na mtu. Nilikuacha ubebe peke yako, na nilijua umeelemewa, kwa sababu mwandiko wako ulizidi kuwa mdogo barua baada ya barua, mpaka ile ya mwisho nikaisogeza dirishani ndipo nikaiona. Hata hivyo nilikujibu kwamba nimefurahi kusikia Mama hajambo. Wa kuomba radhi ni mimi, na sikutumi mtu. Naiomba hapa, kwa mkono wangu.

Njoo Alhamisi. Fika asubuhi, kabla nyumba haijajaa watu, ukae nami jikoni unieleze siku zake za mwisho. Najua hakukosa la kuninung'unikia. Niambie kama alivyolisema, kaka. Usimlainishe. Mama mpole nimekaa naye miezi tisa, na simjui.

Nisalimie wifi na uwabusu watoto. Majirani wote wanakuulizia. Shangazi Tabia naye anakusalimu, yuko hapa mlangoni ananisimamia, na ameniamrisha niandike maneno yake bila kupunguza: mchele wa khitma ameupangia foleni siku mbili kwa magoti haya mabovu, na asiyekuja kuula asije hata Idi, akae hukohuko Jambiani ale pweza na aibu yake.

Hizo, kaka, ni salamu za mtu aliye hai.

Mimi mdogo wako,
Shemsa