Vidole vya Bibi wa Kaliua

Shikamoo Mama,

Kaliua ni joto tupu, ila karanga za kuchemsha ni tamu kama za kwetu Lusu. Jana dukani nilimkuta bibi akisajili laini ya simu. Amechuma tumbaku maisha yake yote, alama za vidole vyake zimefutika, na mashine ikazikataa. Wakala akampa ndimu na mchanga asugue. Ikakataa tena.

"Huyu tunamjua!" foleni nzima ikasema.

"Sheria inataka kidole," wakala akajibu.

Jirani yake akajitolea chake. Bibi akagoma: "Namba iwe yangu."

Mama, nimesoma sheria, lakini haikumsaidia bibi yule. Walioitengeneza mashine ile hawakumfikiria mtu wa jembe. Vidole vyako ndivyo vilivyonisomesha. Asije mtu akakwambia uvisugue.

Mwanao akupendaye,
Sesilia