Ufa Niliouchora kwa Kalamu

Wee, nimeumbuka. Kaa chini kwanza.

Unakijua chumba cha baridi cha mama, cha maziwa ya kuuza? Mjomba kaziba kuta zake kwa lile povu la kopo linaloumuka. Kopo linasema wazi: lowesha ukuta, puliza tabaka jembamba, subiri likauke. Yeye kapuliza lote kwa mkupuo, nene kama godoro la bweni. Nikamwambia litapasuka. "Fundi hapa ni nani, wewe au mimi?"

Basi, kwa heshima zote, nikamchorea ufa kwa kalamu nyeusi.

Alivyouona! Jasho! "Dada, maziwa yataharibika!" Akashika kisu, akakata palepale nilipochora.

Ndani kulikuwa na pango. Pango la kweli! Povu halikukauka, ngumi nzima inaingia, na kwa nje huoni kitu.

Mama akamshika mkono: "Kaka, una jicho la fundi." Jicho! La fundi! Na kalamu yangu je?

Nikisema ule ufa niliuchora mimi, nimekwisha. Sasa niko humu nalowesha na kupuliza tabaka jembamba, vidole vimegandana, na mjomba kasimama mlangoni ananifundisha: "Polepole, mpwa wangu. Ukipuliza lote kwa mkupuo, litapasuka."